Mpigapicha na maafisa wagumu katika michezo ya vijana: Ajue nini kabla ya kuinua kamera Endebess?

ASUBUHI ya michezo ya shule katika Kaunti Ndogo ya Endebess huanza mapema. Ukungu ushukao kutoka Mlima Elgon huwa haujaondoka wakati basi la kwanza linapowasili, wanafunzi wakiimba na kugonga ubavu wa gari. Mistari ya mbio huwa imekwisha kuchorwa kwenye nyasi, walimu wa michezo wakikagua orodha za majina na wauzaji wa miwa na mahindi ya kuchoma wakitafuta mahali pa kuketi. Miongoni mwa umati huo hukosi kumwona mtu mmoja mwenye mkoba mweusi begani. Huyo ni mpigapicha, au kameramani kama wanavyomwita watoto.

Kabla ya mbio za mita 1,500 kufikia mzunguko wa mwisho, mara nyingi huwa amekwisha kuzuiwa na mtu mwenye filimbi shingoni au beji kifuani na kuulizwa: “Wewe ni nani, umetumwa na nani, na picha hizo unazipeleka wapi?”

Swali hilo ni halali. Tatizo ni kwamba mara nyingi huulizwa kwa ukali, mbele ya watoto, na hufuatwa na amri ya kufuta picha, tishio la kuitiwa polisi au ombi la “kitu kidogo”. Mpigapicha naye, akiwa amelipa nauli kutoka Kitale au Bungoma na akitegemea kazi ya siku hiyo kulisha jamaa yake, hujibu kwa hasira. Mwishowe kazi huharibika, na wanaopoteza zaidi ni vijana ambao jitihada zao hazionekani popote nje ya uwanja huo.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini maafisa hao huwa wagumu, sheria za Kenya zinasema nini, na ni kwa njia gani mpigapicha anaweza kuifanya kazi yake bila kuvunja sheria, bila kudhalilishwa na, muhimu zaidi, bila kumdhuru mtoto aliye mbele ya kamera.

Ukali mmoja, sababu mbili

Nitatoa mifano miwili niliyokumbana nayo mwenyewe. Shule na watu waliohusika sitawataja.

Siku moja nilikuwa nikipiga picha za mbio za wasichana katika uwanja wa shule fulani ya eneo hili. Waandalizi walikuwa wamenipa idhini. Ghafla mwalimu mmoja alinijia mbio, akaifunika kamera kwa kiganja na kuniamuru nifute picha zote. Hakutoa sababu. Nilimjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi, na wanafunzi wakatuzunguka wakicheka. Hatimaye niliondoka bila kufuta chochote, nikiamini kwamba nimeonewa.

Jioni ileile, hasira zilipokuwa zimepoa, mwalimu huyo alinitafuta karibu na lango na kunieleza kwa sauti ya chini. Mmoja wa wasichana waliokuwa wakikimbia alikuwa amepewa hifadhi shuleni hapo baada ya kutoroka kwao, ambako alikuwa karibu kuozwa. Waliokuwa wakimtafuta hawakujua alipo. Picha moja yenye uso wake, jezi yake na jina la shule ingetosha kuwaelekeza. Nilifungua kamera na kutazama: ndiye aliyekuwa katika picha niliyoipenda kuliko zote siku hiyo. Niliifuta mbele yake.

Katika tukio la pili, kwenye mechi ya kandanda ya vijana, afisa mwingine alinifukuza kando ya uwanja kwa maneno yaliyofanana kabisa na yale ya mwalimu wa kwanza. Wiki chache baadaye sababu yake ilijulikana, pale timu pinzani ilipokata rufaa na ikabainika kwamba wachezaji wawili wa timu yake walikuwa wamemaliza shule zamani. Yeye hakuwa akimlinda mtoto yeyote. Alikuwa akificha nyuso zisipatikane kama ushahidi.

Ukali wa wawili hao ulikuwa sawa, nami sikuweza kuwatofautisha kwa kuwatazama. Tangu hapo nimefuata kanuni moja: kabla ya kubishana na afisa, muulize sababu, na umpe nafasi ya kuisema mahali ambapo watu wengine hawasikii.

Kwa nini maafisa huwa wakali?

Endebess, iliyoko kaskazini magharibi mwa mji wa Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, ni eneo la mpakani. Barabara itokayo Kitale hupitia hapo kuelekea Suam, ambako Kenya hupakana na Uganda. Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon iko karibu, na lango lake la Chorlim hufikiwa kupitia Endebess. Katika eneo kama hilo mgeni mwenye kamera kubwa huvuta macho ya chifu, ya polisi na ya wananchi wenyewe.

Historia nayo ina uzito wake. Kati ya 2006 na 2008 eneo jirani la Mlima Elgon lilikumbwa na mapigano yaliyohusu ardhi, na Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Wengi walihama makwao. Mtu aliyepitia kipindi hicho hawezi kulaumiwa akiingiwa na wasiwasi anapomwona asiyemjua akirekodi sura za watu.

Isitoshe, kamera za vyombo vikubwa vya habari huja huku mara nyingi wakati wa msiba. Septemba 2024 jina la Endebess lilitajwa kote duniani baada ya mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ameshiriki mbio za marathoni katika Olimpiki za Paris mwezi mmoja kabla, kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika eneo hili. Alifariki Septemba 5 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Jamii iliyozoea kuona kamera siku za majonzi huchukua muda kuiamini siku ya michezo.

Kuna pia suala la makanjanja, yaani watu wanaojifanya wanahabari. Hawa hupiga picha za bweni lililochakaa au za mwalimu mwenye fimbo, kisha humwendea mwalimu mkuu wakidai pesa ili “habari isitoke”. Mwalimu aliyewahi kutapeliwa hivyo huwatilia shaka wote waliobeba kamera.

Sababu nyingine ni udanganyifu wa umri. Katika michezo ya vijana, ushindi huleta sifa kwa shule, wanafunzi wapya na hata wafadhili, kwa hivyo kuna wanaoshawishika kusajili wachezaji waliovuka umri. Tatizo hili si la Kenya pekee. Mnamo 2001 timu ya besiboli ya watoto kutoka Bronx, New York, ilifutiwa matokeo yake baada ya kugunduliwa kwamba nyota wake, Danny Almonte, alikuwa na miaka 14 ilhali kikomo kilikuwa miaka 12. Nalo Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilianza kutumia vipimo vya MRI vya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 lililoandaliwa Nigeria mnamo 2009. Afisa aliye na jambo la kuficha huiogopa picha kwa sababu picha hudumu, na sura iliyomo inaweza kulinganishwa na nyingine.

Hatimaye kuna maafisa ambao hawana sababu yoyote ila kupenda kuonekana wakubwa. Hawa wapo katika kila kazi, na huhitaji subira kuliko hoja.

Uwanja ni wa nani?

Jambo la kwanza ambalo mpigapicha anapaswa kulijua ni mahali aliposimama, kwa maana haki zake hutegemea hapo.

Akiwa kando ya barabara au katika uwanja wa umma ulio wazi kwa wote, hakuna sheria ya Kenya inayomkataza kwa jumla kupiga picha. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 humhakikishia kila mtu uhuru wa kujieleza, ikiwemo kutafuta, kupokea na kusambaza habari, na Kifungu cha 34 hulinda uhuru wa vyombo vya habari. Hata hivyo, uwanja wa umma unapokodishwa kwa ajili ya mashindano, waandalizi wanaweza kuweka masharti, kwa mfano kwamba ni wenye vitambulisho maalumu tu watakaoruhusiwa kukaribia mistari ya uwanja.

Hali ni tofauti ndani ya shule. Uwanja wa shule uko chini ya usimamizi wa mwalimu mkuu, na yeye ana jukumu la kuwalinda wanafunzi. Anaweza kukukubalia, kukuwekea masharti au kukuomba uondoke. Ukikataa kuondoka, waweza kushtakiwa kwa kuwa mahali pasipo ruhusa. Kwa wanahabari, kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilieleza bayana kwamba watoto hawafai kupigwa picha wakiwa shuleni bila idhini ya wakuu wa shule.

Ni vyema pia kufahamu mpangilio wa michezo ya shule za sekondari. Mashindano hupanda kutoka ngazi ya kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, taifa na hatimaye Afrika Mashariki. Trans Nzoia huwa katika eneo la Bonde la Ufa, ilhali Bungoma iko katika eneo la Magharibi. Kwa hivyo vijana wa pande mbili za mlima mmoja husimamiwa na kamati tofauti. Barua uliyopewa na waandalizi wa Bungoma kwa mashindano ya Kanduyi haitakusaidia Kitale, na ile ya Kitale haitakusaidia Bungoma. Wengi huzuiwa kwa sababu hiyo ndogo.

Vifaa vingine vina masharti yake ya ziada. Ndege isiyo na rubani, yaani droni, haifai kurushwa bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Angani Kenya (KCAA), na karibu na mpaka jambo hilo huchukuliwa kwa uzito mkubwa. Ndani ya mbuga, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina utaratibu wake kuhusu picha za kibiashara.

Sheria inamlinda mtoto vipi?

Kifungu cha 31 cha Katiba humpa kila mtu haki ya faragha. Kifungu cha 53 huongeza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kutangulizwa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inalinda faragha ya mtoto.

Sheria iliyobadilisha mambo zaidi kwa wapigapicha ni ile ya Kulinda Data ya 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinataka data ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na ishughulikiwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Angalia kwamba anayetajwa ni mzazi au mlezi. Kukubali kwa mtoto mwenyewe, hata akikusimamia mbele ya kamera akitabasamu, hakutoshi.

Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data (ODPC) ilitangaza kuwa imeitoza Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Wakati huohuo klabu ya burudani ya Casa Vera ilitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Faini za aina hiyo zinaweza kufika Sh5 milioni.

Kwa hivyo mwalimu mkuu anayekataa kamera leo huenda anafanya hivyo kwa kuwa amesoma habari za faini hizo. Ukimweleza kwamba unaijua sheria hiyo na kwamba unataka kuifuata, huwa umempunguzia nusu ya hofu yake.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo ina nafasi kwa walio na nia njema. Mzazi anayempiga picha mwanawe kwa albamu ya nyumbani hahusiki, kwa sababu matumizi ya kibinafsi na ya kifamilia yameachwa nje. Kazi ya uandishi wa habari nayo imepewa nafuu pale uchapishaji unapokuwa na manufaa kwa umma. Nafuu hiyo haimfikii anayetumia picha kuuza bidhaa, kutangaza shule au kupamba bango la kampuni. Huko idhini ya wazi huhitajika.

Mataifa mengine yamepitia mjadala huohuo. Nchini Uingereza baadhi ya shule ziliwahi kuwazuia wazazi kupiga picha siku za michezo kwa kusingizia sheria ya data, hadi ofisi inayosimamia sheria hiyo ikaeleza kwamba picha za kifamilia hazikatazwi. Funzo lake ni kwamba hofu ya sheria inaweza kuenda mbali kuliko sheria yenyewe, na dawa yake ni kuisoma.

Nani ana uwezo wa kufuta picha au kutwaa kamera?

Hapa ndipo wapigapicha wengi huumizwa. Mwalimu, mwamuzi, mlinzi wa lango au chifu hana uwezo wa kisheria wa kukunyang’anya kamera, kuipekua au kukulazimisha ufute picha. Anachoweza ni kukuamuru uondoke mahali anapopasimamia, au kuita polisi. Kamera ni mali yako, na Kifungu cha 40 cha Katiba hulinda mali.

Polisi nao wana mipaka. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 imeweka utaratibu wa kutafuta kibali cha mahakama kabla ya kupekua data iliyohifadhiwa katika kifaa. Anayekamatwa ana haki chini ya Kifungu cha 49 kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Afisa aliyevaa sare anatakiwa kisheria kuwa na jina au nambari inayomtambulisha.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuidai kwa busara ni jambo jingine. Afisa akikutwaa kamera kwa nguvu, usiishindanie. Kamera hurekebishwa, na malalamishi yana njia yake. Mbali na hayo, ukiombwa ufute picha kwa sababu ya msingi, kama ile niliyopewa langoni jioni ile, basi ifute kwa hiari yako hata kama sheria haikulazimishi.

Maneno ya kutumia

Heshima ndiyo ruhusa ya kwanza. Fika mapema, saa moja au zaidi kabla ya michezo. Acha kamera mkobani, nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya michezo, na ujitambulishe kabla hajakuuliza. Kama ni uwanja wa kijiji, mpitie chifu au naibu wake.

“Habari ya asubuhi, Mwalimu. Pole kwa kazi,” waweza kuanza. “Mimi ni mpigapicha kutoka Kitale. Barua ya kamati ndiyo hii, na kitambulisho changu ndicho hiki. Picha ni za gazeti, na majina ya watoto sitayatumia bila idhini. Tafadhali niambie, kuna mtoto yeyote ambaye hafai kuonekana?”

Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko kadi yoyote ya uanahabari. Humwonyesha afisa kwamba jukumu lake umelitambua, na humpa njia ya kusema asiloweza kulisema hadharani. Mara nyingi atakujibu kwa mkato, “Yule wa jezi nambari fulani, muache.” Usimwulize zaidi. Muache.

Ukizuiwa katikati ya shughuli, shusha kamera, ondoka kwenye mstari na uombe mzungumze kando. “Mwalimu, nisingependa tuwasumbue watoto. Twende pale kivulini unieleze shida ni ipi.” Afisa aliyezungukwa na hadhira hulazimika kulinda cheo chake, ilhali akiwa kivulini anaweza kulegeza msimamo bila kuona haya.

Kwa polisi, sema: “Afande, naheshimu kazi yako. Naomba kufahamishwa kosa langu. Kama ni lazima, niko tayari twende kituoni tukamwone mkuu wa kituo.” Tamko hilo halina kiburi, lakini humjulisha afisa kwamba huogopi jambo hilo kuandikwa kitabuni. Asiye na sababu mara nyingi huishia hapo.

Ukiombwa chai, kataa kwa upole. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Aidha, ukitoa leo, wenzako watakaofika wiki ijayo watadaiwa vilevile. Jibu rahisi ni kwamba wewe umetumwa kupiga picha tu na huna fungu la pesa hizo, kisha uahidi kuipa shule nakala za picha bila malipo. Nakala hizo hazitolewi kwa mtu binafsi, na ni mapema kuzitaja kwa mwalimu mkuu mbele ya wengine.

Makubaliano yaandikwe

Ukiajiriwa na waandalizi, andikianeni mkataba hata kama ni ukurasa mmoja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza ikiwa hakuna makubaliano tofauti. Mpigapicha asiyelijua hilo hushangaa kuona picha zake katika kalenda ya mtu mwingine. Mkataba utaje picha zitatumika wapi, nani atazihifadhi, na mzazi akitaka picha ya mwanawe iondolewe ataenda kwa nani.

Kuhusu idhini ya wazazi, njia nyepesi ni kuiomba shule iambatanishe fomu fupi na barua ya kuwajulisha wazazi kuhusu safari ya michezo. Kazi hiyo ifanywe wiki moja kabla. Mtoto ambaye fomu yake haikurudi, asipigwe picha ya karibu.

Baada ya michezo, chagua kwa makini. Usichapishe kwa pamoja uso wa mtoto, jina lake kamili na shule anayosoma bila sababu ya maana. Acha picha za mtoto aliyezimia, anayelia kwa fedheha au ambaye nguo zake zimekaa vibaya. Picha za wasichana wakiruka au wakijinyoosha huibwa na kutumiwa vibaya mtandaoni, na sasa kuna programu za kughushi zinazoweza kuzigeuza kwa dakika chache. Jiulize kama ungekubali picha hiyo iwe ya mwanao.

Ukionewa, pa kulalamika pako wapi?

Andika saa, mahali, majina ya walioshuhudia na maneno yaliyosemwa, siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado safi. Ikiwa mali imetwaliwa au umepigwa, piga ripoti katika kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Malalamishi dhidi ya polisi hupokelewa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Afisa mwingine wa umma aliyetumia mamlaka yake vibaya anaweza kushtakiwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala (CAJ), ambayo kaulimbiu yake ni “Hata mnyonge ana haki”. Wanahabari waliosajiliwa wana Baraza la Vyombo vya Habari (MCK).

Ukiambiwa kwamba “sheria zetu zinakataza kamera”, waweza kuomba kwa maandishi nakala ya sheria hizo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huzitaka ofisi za umma kujibu ombi kama hilo kabla ya siku 21 kupita. Barua moja ya adabu ya aina hiyo imewahi kufungua milango ambayo kelele za uwanjani hazingeifungua.

Mzazi naye ana njia. Akiona picha ya mwanawe imetumiwa bila idhini, anaweza kulalamika kwa ODPC, ambayo sheria inaitaka iamue malalamishi kabla ya siku 90 kupita.

Faida ya picha iliyopigwa vizuri

Huenda msomaji akauliza kama taabu yote hii ina maana. Basi na akumbuke Ben Jipcho, mzaliwa wa Mlima Elgon aliyenyakua medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki za Munich mnamo 1972, kisha akashinda dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974 huko Christchurch. Miteremko hii imeendelea kutoa wakimbiaji, nayo Kitale ina shule kama St Anthony’s ambayo jina lake katika kandanda linajulikana nchini kote. Vipaji hivyo havianzi katika viwanja vikubwa. Vinaanzia kwenye nyasi za shule, mbele ya watu mia mbili, bila kamera za runinga.

Picha nzuri ya siku hiyo inaweza kumfikia kocha, mfadhili wa karo au mzazi aliyekuwa akisita kumruhusu binti yake akimbie. Kwa mtoto mwenyewe huenda ikawa picha pekee atakayobaki nayo ya miaka hiyo, akaitundika ukutani na kuwaonyesha wanawe.

Mwalimu aliyenizuia siku ile bado tunasalimiana. Nikifika kwenye mashindano ambako yupo, humwendea kwanza kabla ya kufungua mkoba, na swali langu kwake ni lilelile: kuna nani wa kuachwa leo? Hutazama orodha yake, akanitajia nambari moja au mbili, au akatikisa kichwa. Kisha kila mmoja wetu huenda kwenye kazi yake, na mbio huanza.